Hiki Kitalala Wapi?

Kabla ya kununua kitu chochote, hata bakuli la plastiki, shangazi yangu huuliza swali moja: "Hiki kitalala wapi?" Hamuulizi muuzaji, wala mimi niliyemsindikiza. Anakiuliza chumba chake. Husimama pale soko la Toi, bakuli mkononi, macho yamefumbwa nusu, nami nimeshajua kwamba wakati huo hayuko sokoni. Yuko nyumbani kwake, anapita ukutani msumari kwa msumari. Akipata mahali, pesa zinatoka. Asipopata, bakuli linarudi kwenye rundo, na muuzaji hata apunguze bei vipi, hageuki.

Sisi watoto wa kaka yake twamwita Waya, kama Waluo wamwitavyo dada ya baba. Anaishi kijiji cha Raila, mojawapo ya vijiji vya Kibera, kilichopewa jina la mwanasiasa aliyekuwa mbunge wa Lang'ata kuanzia 1992 hadi 2013, Kibera ilipokuwa bado ndani ya jimbo hilo. Chumba chake ni kama vya majirani: futi 10 kwa 10, kuta za udongo juu ya fito, paa la mabati, sakafu ya saruji, mlango mmoja. Humo hulala watu sita: Waya na mumewe, mabinti wawili, mvulana wa darasa la sita, na mjukuu wa miaka mitatu.

Hebu tupige hesabu. Sakafu ni futi mraba 100. Kitanda cha nne kwa sita kinakula 24. Kochi la watu watatu na viti viwili vya mmoja mmoja vinakula karibu 30. Weka kabati la vyombo, mitungi minne ya maji ya lita 20, meko ya gesi, na sanduku la bati la Kamukunji lenye nguo za kanisani. Kinachobaki, ukikikusanya pamoja, hakizidi milango miwili iliyolazwa chini. Hapo ndipo watu sita wanakula, wanasoma, wanapiga pasi, wanamwogesha mtoto, wanaomba, wanapokea wageni. Na kila ninapoingia sijawahi kukuta kitu njiani.

Kwa miaka mingi nilidhani siri ni usafi, au ni kuwa na vitu vichache. Baadaye nilianza kumtazama kama mtu anavyomtazama fundi wa saa, kimya, siku baada ya siku, ndipo nikaelewa. Vitu vyake si vichache. Waya anapanga saa kwanza, kisha vitu. Kila kitu katika chumba kile kina mahali pake na kina wakati wake, na mahali pale pale pana wenyewe wanne kwa siku moja.

Chumba kinavyoamka nakijua, kwa kuwa nimelala pale mara nyingi. Saa kumi na moja alfajiri sakafu yote ni godoro, na meza imelazwa ubavu juu ya kochi. Anayelala karibu na mlango huamka kwanza, maana yeye ndiye njia ya wengine. Blanketi zinaondolewa zikiwa bado na joto la mtu, zinakunjwa mara tatu kwa urefu na mara mbili kwa upana, kisha zinaingizwa ndani ya foronya za mito ya kochi. Mgeni wa mchana akiegemea mto ule hajui kwamba ameegemea usiku wa mtoto. Godoro linaviringishwa kama chapati, linafungwa kwa ukanda wa leso kuukuu, linasimamishwa nyuma ya pazia linalokificha kitanda. Meza inashuka. Vitambaa vyeupe alivyovishona mwenyewe kwa kroshia vinatandazwa juu ya kochi, ncha zikilingana. Kazi yote huchukua dakika 12. Nimezihesabu zaidi ya mara moja, na hazijawahi kuzidi 15.

Hakuna anayeamrishwa. Mvulana anajua kwamba meza ni yake na mtungi ulio karibu na mlango ni wake. Binti mkubwa ana blanketi, mdogo ana godoro. Mjukuu ana foronya: anaishika mdomo wazi kwa mikono miwili, binti mkubwa akiingiza blanketi, naye hucheka kila blanketi inapomezwa. Kicheko hicho ndiyo sauti ya kwanza ya nyumba ile asubuhi. Chai inapochemka kwenye meko, sebule imeshafika.

Lakini kama ningeambiwa nichague jambo moja tu la kulisifu, ningechagua misumari yake.

Ukuta wa udongo ni mdanganyifu. Msumari ukigongwa penye udongo mtupu unashika siku moja, kesho yake unatoka na bonge la ukubwa wa ngumi, na kilichoning'inia kiko chini. Lazima ulenge fito. Na fito hazionekani, kwa sababu ukuta wa Waya, kama wa nyumba nyingi za Kibera, umevishwa shuka nyeupe kutoka chini hadi juu, kuzuia vumbi na kuongeza mwanga. Basi yeye huubisha. Anakunja kidole, anagonga taratibu kwa kifundo, sikio karibu na shuka, akisogea nusu shibiri kwa nusu shibiri. Penye udongo sauti ni nzito, ya tumboni. Penye fito sauti inapanda, inakuwa kavu. Nimejaribu mwenyewe nikachanganyikiwa. Yeye hugonga mara tatu, anatulia, anaweka kidole: "Hapa." Kisha anachukua kifuniko cha soda kilichopondwa kikawa bapa, anakitanguliza chini ya kichwa cha msumari ili shuka isichanike, na anapiga nyundo mara nne. Msumari wa namna hiyo umebeba mkoba wa shule wa mvulana tangu darasa la kwanza.

Kimo cha msumari ukutani nacho kina maana. Wa chini kabisa unafikiwa na mkono wa mjukuu, na hapo ndipo huning'inia sweta yake, ili aitundike mwenyewe. Usawa wa kifua ni vya kila siku: sare, taulo, mwiko, ungo. Juu ya kichwa ni vya kila wiki. Karibu na mabati ni vya mara moja kwa mwaka. Ukuta ule ukiutazama kutoka chini kwenda juu, unausoma kama kalenda. Na kando ya mlango, mkono wa kulia ukiwa unatoka, kuna msumari mmoja ambao hautundikwi kitu kingine ila mfuko wa turubai wenye vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho na kadi za kliniki. Kibera inaujua moto. Usiku wa moto hakuna wa kuwasha taa atafute karatasi. Waya amewafundisha watoto kuugusa mfuko ule gizani, macho yamefungwa, kama mchezo, na mpaka leo ni mchezo wanaoupenda.

Mwaka juzi binamu yangu alihamia Kawangware, chumba cha mabati, akashindwa kabisa kukipanga. Alimwita Waya aje na nyundo yake. Waya alishuka matatu, akaingia, akakaa kitandani, akanyamaza kwa muda mrefu. Binamu alikuwa amekwisha nunua mbao za rafu na alikuwa akionyesha zitakapokaa.

"Waya, hapa na hapa, ama unaonaje?"

"Mwanangu, kwanza niambie. Nani huamka wa kwanza hapa?"

Hakuna aliyekuwa amewahi kujiuliza. Mumewe ni mlinzi wa usiku: hurudi saa moja asubuhi wakati wengine wanatoka. Waya alihamisha kitanda kutoka ukuta wa barabarani, ambao jua huupiga kutwa mabati yakawaka, akakiweka upande wa ndani penye kivuli, ili mtu wa zamu alale mchana. Rafu zikafuata baadaye, zikapigiliwa kwenye mbao za fremu, maana bati lenyewe halishiki mzigo. Mbao mbili kati ya tano hazikuhitajika.

Dunia nzima sasa inazungumza juu ya kupanga nyumba. Marie Kondo wa Japani ameuza vitabu kwa mamilioni, na kipindi chake cha 2019 kwenye Netflix kilifika hata kwenye simu za vijana wa Kibera. Anafundisha watu kubaki na vile tu vinavyowapa furaha. Namheshimu. Lakini ninapomtazama Waya nakumbuka zaidi desturi ya kale ya nchi hiyo hiyo ya Kondo, ya chumba chenye sakafu ya mikeka ya tatami: usiku matandiko yanatandikwa chini, asubuhi yanakunjwa na kuingia kabatini, na chumba cha kulala kinakuwa cha kukaa. Watu wa desturi hiyo na Waya wangeelewana bila mkalimani.

Na hata hapa kwetu si jambo geni. Nyumba za kale za mawe za Lamu zina vyumba virefu na vyembamba, kwa sababu upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari, na boriti hizo hazivuki sana mita tatu. Futi 10 za Raila ni kama mita tatu. Waashi wa Lamu waliufanya ukuta ubebe nyumba: wakachonga zidaka kwenye chokaa, safu juu ya safu, vikawekwa vyombo vya kaure na vitabu, sakafu ikabaki wazi kwa watu. Watu wa pwani walikuwa pia na susu, kile chombo cha kamba kinachoning'inizwa kutoka darini kuwekea chakula mbali na panya na paka. Waya ana kikapu cha waya kinachoning'inia kwenye mti wa paa, chenye nyanya, vitunguu na omena. Nilipomwambia kwamba kinaitwa susu alicheka, akalirudia neno mara mbili, na siku hizi ndilo jina la kikapu kile pale nyumbani.

Kutoa vitu nje kwake kuna ngazi zake. Nguo iliyombana mvulana hutunzwa kwanza kwa ajili ya mjukuu. Isipofaa, humwendea jirani aliyejifungua. Ikichakaa, inaingia kwenye gunia lililo chini ya kitanda, kitanda chenyewe kikiwa kimeinuliwa kwa matofali kwa hofu ya maji, hofu ambayo mvua za masika za 2024 ziliithibitisha Nairobi nzima. Gunia likijaa, anawasubiri wanawake wa mali mali wanaopita na mabeseni na sufuria mpya kichwani, wakibadilisha kwa nguo kuukuu. Beseni lake la bluu lilikuwa suruali tatu. Vitu vizito visivyo na kazi mjini hungoja Desemba, vikapanda basi kwenda ushago. Tambara la mwisho ni la mlangoni, la kupangusia miguu.

Kipo kitu kimoja kisichofuata sheria hizi: redio ya marehemu babu, iliyokufa zamani. Inakaa juu ya kabati, imevikwa kitambaa chake. Nilimuuliza kwa nini hajaipeleka kwa wanunuzi wa skrepu. "Hiyo sikuinunua," alisema. "Ilikuja yenyewe. Sikuwa na ruhusa ya kuiuliza italala wapi."

Sisemi udogo wa chumba ni neema. Waya mwenyewe angekubali chumba cha pili leo kabla ya jua kutua, na choo cha ndani, na bomba. Ninachosema ni kwamba alichokijenga ndani ya udogo ule ni ujuzi kamili, wenye kanuni, wenye kipimo, wenye kurithishwa, na mtu akiuita ujanja wa maskini anauvunjia heshima.

Njoo saa mbili usiku uone. Meza iko katikati, mvulana anaandika hesabu upande mmoja, upande wa pili unakatwa sukuma. Mabinti wako kitandani, pazia limevutwa kando, wanamsahihisha bila kuinuka. Mume wa Waya anasikiliza taarifa. Mjukuu anapita chini ya meza, maana hiyo ndiyo barabara yake, na sijaona mtu akimwambia atoke njiani. Hakuna anayepaza sauti kwa kuwa hakuna aliye mbali. Ugali ukiiva, vitabu vinarudi kwenye msumari wao bila kuambiwa, na meza inakuwa ya chakula. Saa tatu na nusu italazwa ubavu juu ya kochi, foronya zitatema blanketi, na chumba kitaanza upya.

Serikali inajenga Kibera. Mwaka 2009 familia za kijiji cha Soweto Mashariki, humo humo Kibera, zilianza kuhamishiwa nyumba za muda kule Lang'ata, na 2016 nyumba 822 zikakabidhiwa wenyewe. Nyingine zinakuja, na michoro yake inachorwa na watu waliosomea kazi hiyo. Kwao nina ombi moja. Kabla ya kuamua dirisha likae wapi, mlango ufungukie upande gani na ukuta uwe wa kushika msumari au la, njooni Raila saa kumi na moja alfajiri, mvue viatu, mkae pembeni ya kochi kwa dakika 12. Kisha muulizeni Waya. Chai itakuwa tayari.