Jinsi Baridi Inavyoulinda Moyo Uliokosa Oksijeni

Tarehe 2 Septemba 1952, katika Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani, daktari F. John Lewis aliufungua moyo wa binti wa miaka 5 na kuziba tundu lililokuwa kati ya vyumba vyake viwili vya juu. Wakati huo hapakuwa na mashine ya kuaminika ya kusukuma damu badala ya moyo. Mashine ya namna hiyo, ya daktari John Gibbon, ilifanikiwa mwaka uliofuata. Lewis alibana mishipa mikubwa inayorudisha damu moyoni, akafanya kazi kwa dakika tano na nusu. Katika joto la kawaida la mwili, ubongo huanza kuharibika baada ya dakika nne hivi. Binti huyo alipona.

Siri ilikuwa baridi. Kabla ya kisu, mwili wake ulizungushiwa mablanketi yenye kimiminika baridi kwa zaidi ya saa mbili, hadi ukashuka kufikia nyuzi joto 28.

Njia hiyo ilikuwa imefunguliwa na Wilfred Bigelow wa Toronto, Kanada, aliyechapisha matokeo yake mwaka 1950. Kabla yake iliaminika kuwa baridi huongeza matumizi ya oksijeni. Kwa kiumbe anayetetemeka ni kweli, maana misuli inayotetemeka hula oksijeni nyingi mno. Bigelow aliwapa mbwa dawa ya usingizi ya kutosha kuzima mtetemeko, ndipo akawapoza. Matumizi ya oksijeni yakashuka pamoja na joto.

Ndani ya seli ya moyo, nishati iliyobebwa na kemikali iitwayo ATP hukunja misuli na kuendesha pampu zinazodhibiti sodiamu na kalsiamu. Oksijeni ikikatika, ATP hupungua, asidi hujaa, pampu hulegea, na kalsiamu hurundikana ndani. Damu inaporudi, seli iliyoelemewa hivyo inaweza kufa. Joto likishuka kwa nyuzi 10, kasi ya shughuli hizi hupungua kwa karibu nusu. Baridi haiongezi oksijeni hata chembe; inapunguza uhitaji wake, na akiba ndogo ya seli ikadumu zaidi.

Lakini baridi ya mwili mzima ina mpaka. Chini ya nyuzi 28 hivi, moyo unaweza kupoteza mpangilio wa mapigo na kuacha kusukuma damu. Ndiyo maana Lewis hakushuka zaidi.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuusimamisha moyo kwa makusudi, mashine ikibeba kazi yake. Mwaka 1955 Denis Melrose wa Uingereza alitumia potasiamu, lakini kipimo chake kilikuwa kikali, kikajeruhi misuli. Njia hiyo ilirudi kwa nguvu miaka ya 1970, ikiwa na kipimo cha chini na kimiminika kilichopozwa.

Vipimo vinaeleza kwa nini. Moyo mtupu unaodunda katika nyuzi 37 hutumia takriban mililita 5.5 za oksijeni kwa dakika kwa kila gramu 100 za misuli yake. Ukisimamishwa, hutumia 1.1. Ukisimamishwa na kupozwa hadi nyuzi 22, hutumia 0.3 tu. Sehemu kubwa ya nafuu hutokana na kusimama. Baridi hukata karibu robo tatu ya kinachobaki.

Kwa hiyo barafu peke yake si kinga. Anayetaka kuulinda moyo hana budi kujua kinachokula oksijeni, akate matumizi kwa mpangilio: kwanza mtetemeko wa mwili, kisha mdundo, hatimaye kemia ya seli. Kwa kufuata kanuni hiyo, moyo wa kupandikizwa husafirishwa barafuni kwa takriban saa nne, na bado ukaweza kudunda kifuani mwa mtu mwingine.