Wafeli au Wafelishwa? Uhakiki wa Meza ya Magazeti

Wahakiki tumezoea kuzifuata matini maktabani. Leo hebu tutoke nje, tusimame kwenye meza ya magazeti ya mtaa wowote wa Dar es Salaam, siku moja baada ya matokeo ya kidato cha nne kutangazwa. Watu wamejaa, shingo zimeinama, wanasoma vichwa vya habari bila kununua. Hawa nao ni wasomaji, tena huenda ni wengi kuliko wasomaji wa riwaya zetu.

Tuanze na fani. Kichwa cha habari hupenda kitenzi kifupi chenye njeo ya -a-: shule yang'ara, wasichana watamba, mkoa waburuza mkia. Msamiati huu ni wa mashindano. Kabla hatujaifikia habari yenyewe tumeshaambiwa kwamba elimu ni ligi.

Wahusika je? Mshindi ana jina, picha, mzazi mwenye furaha, na ndoto ya kuwa daktari. Aliyeanguka hana hata jina. Yeye ni asilimia. Ajabu ni kwamba, kisarufi, asilimia hiyo ndiyo mtenda: "wafeli". Eti wamejifelisha wenyewe! Mwalimu wa fizikia ambaye hakuwapo, maabara isiyo na vifaa, na Kiingereza kinachomvamia mtoto kidato cha kwanza baada ya miaka 7 ya kusoma kwa Kiswahili, vyote havina nafasi katika sentensi hiyo.

Tukumbuke matokeo ya mtihani wa 2012, yaliyotangazwa Februari 2013. Takriban asilimia 60 ya watahiniwa walipata sifuri. Ikaundwa tume, na Mei mwaka huo huo Serikali ikayafuta matokeo yale ili yapangwe upya. Baadhi ya waliofeli wakajikuta wamefaulu bila kushika kalamu tena. Kumbe sifuri ile haikuwa ya mtoto peke yake! Kitenzi kilichohitajika kilikuwa "wafelishwa".

Wapo watakaosema mambo yamebadilika, kwani Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule na wanafunzi bora. Sawa, ni hatua. Lakini aliyeondolewa jukwaani ni shujaa tu. Umati umebaki kuwa asilimia, na kitenzi ni kile kile.

Mhariri atajitetea kwamba nafasi ni finyu. Jamani, "wafelishwa" imeizidi "wafeli" kwa herufi 4 tu. Tatizo si nafasi, ni msimamo: nani atajwe, nani afichwe.

Na hili si suala la sarufi tu. Mzazi anayesoma akiwa amesimama pale mezani haondoki na gazeti. Anaondoka na kitenzi. Nyumbani yupo mtoto anayesubiri kuambiwa neno.