Namna ya Kupima Riwaya za Abdulrazak Gurnah

Tangu Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, atunukiwe Nobeli ya Fasihi mwaka 2021, riwaya zake husifiwa zaidi kwa mada: ukoloni, uhamaji, ukimbizi. Lakini mada haipimi ufundi, kwani hata mwandishi dhaifu anaweza kumwandika mkimbizi. Anayetaka kuujua ubora wa riwaya hizi na atazame jinsi habari ilivyogawanywa: nani anajua nini, amekijua lini, na kwa nini hakukijua mapema. Ukimaliza kitabu, rudi sura ya kwanza. Ikiwa ulichokuja kukijua kimegeuza maana ya sura hiyo, hiyo ni kazi ya fundi. Ikiwa hakikuongeza kitu, mwandishi alikuwa anakuchelewesha tu.

Tuanze na Paradise ya mwaka 1994. Yusuf, mtoto wa miaka 12, anaondoka kwao na tajiri Aziz akimdhani ni jamaa yao. Ni Khalil, kijana wa dukani, anayemfumbua macho: amewekwa rehani kwa deni la baba yake. Hatukujua kwa sababu mtoto mwenyewe hakuambiwa, na sasa hata sarafu alizopewa na Aziz mwanzoni zina uchungu. By the Sea ya mwaka 2001 inakwenda mbali zaidi. Mzee Saleh Omar anatua Gatwick kwa jina la Rajab Shaaban, akijifanya hajui Kiingereza. Baadaye tunafahamu kuwa mwenye jina hilo aligombana naye juu ya nyumba, na kwamba mwanawe, Latif Mahmud, anaishi hukohuko Uingereza akiwa na simulizi yake ya ugomvi huo. Hakuna kati yao anayeijua habari nzima. Inabidi wakae wasimuliane.

Itasemwa kwamba hiyo ni taharuki ya kawaida, ambayo hata hadithi za upelelezi zinayo. Tofauti iko kwenye sababu ya ukimya. Mwandishi wa upelelezi humficha msomaji jambo kwa faida ya hadithi. Kwa Gurnah, wanaoficha ni wahusika wenyewe, kwa aibu, hofu au maslahi. Wengine hulalamika kwamba anarudia yaleyale. Linganisha basi Admiring Silence (1996) na Gravel Heart (2017). Katika ya kwanza, msimulizi mwenyewe ndiye mwongo: anamtungia mwenzake wa Kiingereza hadithi za kwao, na kwao hasemi kuwa anaishi naye. Katika ya pili, Salim ndiye anayefichwa sababu ya baba yake kuihama nyumba. Mmoja ana siri, mwingine ni mwathirika wa siri. Hapa pia pana kasoro ya kuhesabiwa: baba wa Salim anapoamua kusema, anasema karibu yote kwa mkupuo, na mzigo wa riwaya unaelemea mwishoni.

Afterlives (2020) nayo imelaumiwa kwa kuharakisha kurasa za mwisho, ambapo hatima ya Ilyas, askari wa Wajerumani aliyepotea, inafichuliwa na nyaraka za Ujerumani. Lawama hiyo ina uzito, lakini kipimo chetu kinaitetea riwaya: tukishajua yaliyompata huko, namna alivyowatetea Wajerumani mwanzoni kwa kuwa walimsomesha haisomeki tena vilevile.

Je, asiyesoma Kiingereza atahukumu vipi? Mahadhi ya sentensi huweza kupotea katika tafsiri, ila mgao wa habari haupotei. Paradise inapatikana kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotolewa na Mkuki na Nyota. Anza na hiyo. Ukiweza Kiingereza, fuatisha By the Sea, kwa sababu kwa kipimo hiki ndiyo iliyokamilika kuliko zote tulizozitaja.