Upana wa Kichwa cha Mtoto

Bembea huanza kufa juu, pale iliponing'inizwa. Mtoto huona kiti, mzazi hukagua mnyororo, lakini fundi hutazama kwanza ule mhimili wa juu, mahali chuma kinapokula chuma kila mtoto anapokwenda na kurudi. Njia ya mkato ni kupitisha pete ya nondo ndani ya pete nyingine na kumalizana na mteja. Fundi mwenye subira huchomelea beringi. Beringi zilizotumika hazikosekani Dar es Salaam, mji wa pikipiki na bajaji: fundi huchukua moja, anaiosha kwa dizeli, anaijaza grisi, anaifunika kwa kipande cha bomba ili upepo wa chumvi usiifikie. Bembea ya namna hiyo husukumwa kwa kidole. Hapo ndipo kazi inapoanza kumhusu mtoto mwenye misuli dhaifu, na dada yake wa miaka saba anayemsukuma, maana hakuna kati yao mwenye nguvu za kushindana na kutu.

Napenda kusimama kwenye vibanda vya kuchomelea kati ya Mwenge na Sinza. Riziki ya hapo ni mageti, madirisha na vitanda vya chuma. Bembea huja mara chache, shule ya chekechea inapofunguliwa. Lakini bembea humpima fundi kuliko geti. Geti likikosewa, mwenye nyumba atalalamika. Bembea ikikosewa, mtoto hunasa.

Kuna kipimo ambacho ningependa kila kibanda kikiandike ukutani kwa chaki: sentimita 9 na sentimita 23. Mwanya ulio chini ya 9 hauwezi kupitisha kiwiliwili cha mtoto mdogo. Ulio juu ya 23 hupitisha kiwiliwili na kichwa pia. Hatari iko katikati: mtoto hutanguliza miguu, mwili unapita, kichwa kinabaki. Viwango vya usalama vya nchi nyingi vimejengwa juu ya namba hizo mbili, na fundi aliyezoea kupanga nondo za dirisha kwa jicho hulazimika kutoa tepu. Mtoto mwenye usonji au mtindio wa ubongo huenda asiweze kuita akinasa, kwa hiyo mwanya huo unapaswa kuzibwa kabla rangi haijapakwa.

Kisha kiti. Kipande cha tairi ni kiti kizuri kwa anayeweza kujishika, lakini asiyeweza kuukaza mgongo hutoka kwa mbele kama gunia. Jibu la kwanza linalomjia kila mtu ni kiti maalumu chenye mgongo mrefu na mkanda, na kina kazi yake: mkanda hupita kwenye nyonga, si tumboni, na mahali pa kukalia huinuliwa kidogo kwa mbele ili mtoto asiteleze. Ila tabia moja ya kiti maalumu huniudhi. Mara nyingi hufungwa kwenye fremu yake, kando, na mtoto hubembea peke yake akiwatazama wenzake.

Ndiyo maana navutiwa zaidi na bembea ya kikapu. Fundi hukunja bomba kuwa duara lenye upana wa mita moja hivi, anachomelea maungio na kuyasaga kwa grainda mpaka kiganja kisihisi mshono, halafu ndani ya duara panasukwa wavu wa kamba. Kusuka huko si kazi ya mchomeleaji. Ni kazi ya mtu wa Kunduchi au Msasani aliyezoea kurekebisha nyavu, anayejua fundo lipi hukaza likivutwa na lipi hulegea. Katani, pamoja na heshima yake yote katika nchi hii, huoza kwa mvua. Hapa inatakiwa kamba ya nailoni. Kikapu kikishaning'inizwa, mtoto asiyeweza kukaa hulala, anayeweza huketi ukingoni, watatu hujazana humo wakipigana viwiko, na anayepita hajui kilitengenezwa kwa ajili ya nani.

Ardhi nayo ina ufundi wake, ingawa hakuna anayeusifia. Mchanga wa Dar es Salaam hupokea vizuri mtoto aliyeanguka na hukwamisha vizuri kabisa gurudumu la kiti mwendo. Mahali pa kuangukia na njia ya gurudumu vyote vinatakiwa katika uwanja mmoja, kwa hiyo mchanga hubaki chini ya bembea tu, na njia ya changarawe iliyochanganywa na saruji na kushindiliwa huletwa mpaka ukingoni mwake, bila kizingiti. Njia ikigeuka, igeukie penye nafasi ya mita moja na nusu. Kiti mwendo hakigeuki kwa chini ya hapo bila kugonga. Mtoto asiyeona naye hufaidi: nyayo humwambia alipoacha njia na kuingia mchangani, na hivyo hujua bembea iko karibu kabla haijampiga kichwani.

Mteremko wa kupandisha kiti mwendo ni hesabu inayowaumiza wengi. Kipimo kinachokubalika ni moja kwa kumi na mbili, kwa hiyo jukwaa la mchezo lenye kimo cha sentimita 60 huhitaji mteremko wa mita 7.2. Pima uwanja wa chekechea ya Sinza uone kama nafasi hiyo ipo. Mafundi wengine hufupisha, wakapata mteremko unaomshinda hata mwalimu anayesukuma. Mimi nasema afadhali kushusha mchezo kuliko kumpandisha mtoto. Jukwaa la sentimita 40, lenye mahali pa kushika, humwezesha mtoto mwenye mikono imara kujihamisha mwenyewe kutoka kitini, akakaa, akajivuta mpaka penye kuteleza.

Bati la kuteleza lina mgogoro wake. Jua la mchana hapa huligeuza kikaango, na mtoto aliyezaliwa na mgongo wazi anaweza asihisi mapaja yanapoungua. Plastiki haichomi kiasi hicho, lakini huzalisha umeme tuli, na umeme huo unaweza kuvuruga kifaa cha kusikia kilichopandikizwa kwenye sikio la ndani, upasuaji ambao Hospitali ya Taifa ya Muhimbili iliuanza mwaka 2017. Wenzetu wa nchi kavu na zenye baridi huumia kichwa kwa jambo hili. Hewa yetu ya pwani ina unyevu, umeme tuli hauna nguvu sana, na kwa bati dawa ni kivuli. Hapa jua hupita karibu utosini mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo kuligeuzia bati upande fulani hakusaidii sana. Panda mwarobaini, au jenga chini ya mwembe uliokuwapo. Kivuli hicho ndicho humruhusu mtoto mwenye ualbino kuwa nje saa nane mchana. Mti mmoja hapo umefanya kazi ambayo chuma kisingeweza.

Mwenge yenyewe inajulikana kwa ufundi mwingine. Wachonga vinyago wamekuwa hapo tangu miaka ya 1980, kwa tezo, patasi, tupa na msasa, wakichonga mpingo kwa ajili ya watalii. Katika vibanda vyao huuzwa mchezo ambao, kwa maoni yangu, ni wa watoto wote kuliko kitu chochote nilichokitaja: bao. Mashimo 32, kete 64, na lile shimo liitwalo nyumba, linalochongwa mraba mara nyingi ili litofautiane na mashimo mengine ya duara. Asiyeona hulisoma kwa vidole. Kiziwi hahitaji kusikia kitu. Anayetumia kiti mwendo anahitaji jambo moja tu, meza yenye uwazi wa kama sentimita 70 chini yake ili magoti yapite. Kinachobaki kwa mchongaji ni kupanua mashimo kidogo kwa ajili ya mkono unaotetemeka, na kuinua ukingo ili kete isidondoke. Ubao wa mninga utavumilia. Kinachonishangaza ni kwamba viwanja vya michezo hujengwa mita chache kutoka kwa watu hawa na hakuna anayewaagiza bao.

Mchomeleaji naye anaweza kuleta muziki. Bomba likifungwa mahali palipo karibu asilimia 22 ya urefu wake kutoka kila ncha, hulia kwa muda mrefu, maana hapo ndipo bomba halitikisiki. Ukifunga kwenye ncha zenyewe, hufa mara moja. La mita moja na la sentimita 71 hutoa noti ileile, la pili likiwa oktavu moja juu. Yapangwe kwa urefu wa mtoto aliyeketi, na nyundo ya mpira ifungwe kwa kamba isiibiwe.

Kisheria, mambo haya si ya hisani. Sheria ya Mtoto ya 2009 inataja haki ya kucheza, na mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka huohuo, unadai watoto hao wacheze sawa na wengine. London ilifungua uwanja wa michezo ya kujasiria kwa watoto wenye ulemavu, mtaa wa Chelsea, mwaka 1970. San Antonio huko Texas ilifungua bustani kubwa, Morgan's Wonderland, mwaka 2010. Mfano wa karibu zaidi na wetu uko Jinja, Uganda, ambako shirika la East African Playgrounds lilianza mwaka 2009 kujenga viwanja kwa mafundi na vifaa vya hukohuko. Na palipo na uhitaji hapa mjini panajulikana: shule za Sinza Maalum, jirani kabisa na Mwenge, Uhuru Mchanganyiko kule Ilala, Matumaini ya Jeshi la Wokovu kule Kurasini, Temeke.

Nimeacha mwisho kazi ngumu kuliko zote, bembea ya kuzunguka iliyo usawa wa ardhi. Ya kawaida huinuliwa, na mwenye kiti mwendo hubaki chini. Hii hukalia shimo: habu ya gurudumu la gari husimikwa kwenye zege, sahani ya chuma hulazwa juu yake ikilingana na njia, kiti huingia moja kwa moja na breki hufungwa. Mwanya kati ya sahani na ukingo uwe mwembamba kiasi kwamba kidole cha mguu hakiingii, na uwe uleule pande zote sahani inapozunguka, jambo linalodai duara lililopimwa tena na tena kabla ya kuchomelewa. Adui yake ni masika. Machi mpaka Mei shimo hujaa maji, habu hushika kutu, na kufikia Juni kinachobaki ni kibao cha chuma kisichozunguka. Fundi anayeijua Dar es Salaam huchimba mtaro kutoka chini ya shimo kabla ya kumwaga zege, anaujaza kokoto, kisha anaacha kifuniko kwenye sahani kinachofunguka kwa spana ya kawaida, ili mlinzi wa shule aweze kutia grisi bila kumpigia mtu simu.