Mkunga wa Hiroshima na Hesabu ya Waziri

Wanaolitetea bomu la atomiki huanza na hesabu. Chimbuko la hesabu hiyo linajulikana: ni makala ya Henry Stimson, aliyekuwa Waziri wa Vita wa Marekani, iliyochapishwa na jarida la Harper's mnamo Februari 1947. Humo alieleza kwamba aliarifiwa kuwa kuivamia Japani kungeweza kuyagharimu majeshi ya Marekani peke yake zaidi ya watu milioni moja. Neno alilolitumia hukusanya waliokufa na waliojeruhiwa. Katika vinywa vya watu majeruhi wakatoweka, ikabaki milioni ya roho zilizookolewa. Ni neno moja tu, atasema mtu. Lakini kwa neno hilo vimehalalishwa vifo vya watu wapatao 140,000 mjini Hiroshima hadi mwisho wa 1945. (Hoja ya umwagaji damu wa Okinawa ni nzito zaidi.)

Kurihara Sadako, mshairi aliyenusurika Hiroshima, alikuwa amekwisha kusema lake mwaka 1946. Shairi lake fupi linatupeleka usiku, chini ya jengo lililobomoka. Hakuna hata mshumaa. Harufu ya damu imetanda, na mwanamke anashikwa na uchungu. Miongoni mwa majeruhi anajitokeza mkunga, anamzalisha, naye haioni alfajiri. Shairi halina vina wala mizani, na mlumbi mkali wa mwambao angeliita guni. Hata hivyo, adui hatajwi popote, wala msomaji haombwi machozi.

Ila mkunga wa kweli hakufa usiku ule. Aliishi baada ya vita. Mtoto naye ni wa kweli, alikuwa wa kike. Hili lisifichwe. Anayemshika Stimson kwa neno lake hana budi kumshika Kurihara kwa maiti wake, na ushairi usiwe kinga.

Kinachomwinua Kurihara ni ule utungo wake wa baadaye, uliomo katika diwani ya 1976 ambayo jina lake laweza kufasiriwa Tusemapo Hiroshima. Humo kila anayelitaja jiji lake hurudishiwa majina mengine: Pearl Harbor, Nanjing, Manila. Anawataka Wajapani waisafishe kwanza mikono yao ndipo watarajie kuhurumiwa. Aliandika hayo akiwa mwathirika, bila kufuta hata kifo kimoja cha Hiroshima, na watetezi wa bomu bado hawajamjibu.