Nafsi Isiyo na Mwenyewe: Suala la Msemaji katika Matini za Akili Unde

Mhakiki wa fasihi amezoea kumtenganisha mtunzi na nafsineni. "Mimi" wa shairi si lazima awe mtunzi wake. Hata hivyo, nyuma ya nafsineni huyo pana mtu aliyemzua. Matini za akili unde zinautikisa msingi huu, kwani zina "mimi" asiye na mtu mmoja nyuma yake. Makala hii inashikilia kwamba utu tunaouhisi humo ni utu wa kweli, ila si wa mashine.

Mfano wa awali ni ELIZA, programu ambayo Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT, Marekani, aliieleza mwaka 1966. Programu hiyo ilitafuta neno kuu katika kauli ya mtu, ikageuza nafsi ya kwanza kuwa ya pili, kisha ikamrudishia kauli yake kwa umbo la swali. Haikuelewa lolote. Hata hivyo, katika kitabu chake cha 1976, Weizenbaum anasimulia jinsi katibu wake, aliyeishuhudia programu ikiundwa, alivyomwomba atoke chumbani ili azungumze nayo faraghani. Utu wa ELIZA, basi, ulitoka kwa msomaji.

Mifumo ya leo, iliyoenea tangu ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022, ni changamano zaidi. Huikata lugha vipande vipande, kisha hukadiria, kwa kutegemea matini nyingi mno zilizoandikwa na watu, ni kipande kipi chaelekea kufuata. Aghalabu kipande hicho si silabi. Hii ni sababu mojawapo ya mfumo kuandika kwa ufasaha juu ya huzuni, ilhali huteleza katika kuhesabu mizani: umejifunza maandishi, bali hauna sikio lililozoea kughani.

Upole wa sauti yake nao una historia. Watu hupewa majibu wayapange kwa ubora, na mfumo hurekebishwa kulingana na uamuzi wao. Aidha, mwaka 2023 jarida la Time liliripoti kwamba wafanyakazi jijini Nairobi walilipwa ujira mdogo kusoma na kuainisha matini za ukatili, ili kufunza chombo cha kuichuja lugha ya aina hiyo. Usafi wa lugha inayomfikia msomaji umegharimiwa na wasomaji wengine.

Roland Barthes alipotangaza kifo cha mwandishi mwaka 1967, alimkabidhi msomaji mamlaka ya maana. Kisa cha ELIZA chaonyesha kwamba msomaji aliyeachiwa mamlaka hayo peke yake aweza kumzua msemaji asiyekuwepo. Hivyo basi, uhakiki wa matini hizi hauna budi kurejesha swali tulilokwisha kulizoea kuliweka kando: maneno haya yametokana na kazi ya nani, na nani atayawajibikia?