Gauni la Malkia Esta

Kabla ya kugusa mkasi, fundi aliuliza swali ambalo mama wa mtoto hakulitegemea: mwakani gauni hili atalivaa nani? Mama alikuwa amekuja na binti wa miaka 9 na habari moja tu, kwamba kanisani wamemchagua awe Malkia Esta katika igizo la Krismasi. Alitaka gauni la kifalme, refu, linalong'aa, waliokaa nyuma kabisa walione. Fundi alimsikiliza mpaka mwisho, akampongeza mtoto, kisha akarudia swali lake. Jibu la swali hilo ndilo lililoamua karibu kila kitu kilichofuata.

Tuko Nakivale, wilayani Isingiro, kusini-mashariki mwa Mbarara. Makazi haya yalifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kuwapokea Wanyarwanda waliokimbia kwao, na ni miongoni mwa makazi makongwe zaidi ya wakimbizi barani Afrika. Leo wamo Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengine. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mkimbizi nchini Uganda haki ya kufanya kazi, na cherehani ni kazi inayoweza kuanzia barazani. Lakini kitambaa kizuri ni ghali, na watu hawatulii: familia iliyongoja kwa miaka huweza kuitwa ghafla kwa safari ya kuhamia nchi nyingine. Esta wa mwaka huu huenda mwakani akawa anasoma shule ya mbali kabisa, na igizo litataka Esta mwingine, mwenye mabega mengine.

Mama alitoa simu na kuonyesha picha aliyotumiwa na dada yake aliyehamia Marekani. Mtoto wa dada amevaa gauni la binti mfalme, la buluu, kwa sherehe ya Halloween, ile jioni ya tarehe 31 Oktoba ambapo watoto wa huko huvaa mavazi ya kuigiza na kupita nyumba kwa nyumba wakiomba peremende. Fundi aliikuza picha, akaipita sura, akalipita taji, akatua kwenye ubavu. Aliutazama mshono kwa muda. "Nzuri," alisema, "lakini ndani hakuna akiba. Siku ikimbana, imekwisha." Akamrudishia simu.

Vipimo alivichukua kwa inchi, kama wafanyavyo mafundi wengi wa huku. "Simama sawasawa, mama, usivute tumbo," alimwambia binti, naye binti akaitika, "Ndiyo, mama fundi." Kifua 26, kiuno 24, bega hadi kiuno 11 na nusu, kiuno hadi kifundo cha mguu 29. Wengine wangeishia hapo. Yeye alimwambia anyanyue mikono, akapima upya kuanzia kwapani. Akamwambia apige magoti, akaangalia goti linavyokula urefu wa nguo. Kisha ainuke bila kushika chini. Katika kisa cha Biblia, Esta anaingia kwa mfalme Ahasuero bila kuitwa, jambo ambalo lingeweza kumgharimu uhai, na mtoto huyu atapiga magoti na kuinuka mbele ya kanisa zima. Akikanyaga pindo hapo, maneno yake yote yatasahaulika.

Mchoro wa kwanza katika daftari ulikuwa wa sketi ya duara. Sketi hiyo ina sifa zake: hailundiki kiunoni, na mvaaji akizunguka inafunguka yote. Lakini pindo lake ni mstari uliopinda, na mstari uliopinda haukubali mkunjo mpana. Ukificha inchi 3 ndani, kitambaa cha chini kinazidi cha juu, kinajikunja ovyo. Maana yake ni kwamba sketi ya duara hairefushwi. Fundi aliufuta mchoro kwa kifutio, taratibu, bila kuichubua karatasi, akachora mstatili. Mstatili una pindo lililonyooka. Juu ya pindo unaweza kupitisha mikunjo miwili ya akiba, kila mmoja ukimeza inchi 3, na mtoto akirefuka unafumua mmoja. Kwangu mimi uzuri wa gauni hili ulianzia pale, kwenye penseli, kabla kitambaa hakijanunuliwa.

Sehemu ya kifua aliigawa vipande 7: kimoja katikati mbele, viwili kando yake, viwili chini ya kwapa kuelekea nyuma, na viwili vya mgongo. Ulaya mafundi wamekuwa wakishona magauni ya mabibi kwa mistari hii mirefu tangu karne ya 19, kusudi kitambaa kifuate umbo la mwili. Mtoto wa miaka 9 hana umbo la kufuatwa. Fundi alikuwa na hesabu nyingine. Vipande 7 vinaleta mishono 6, na kila mshono una kingo mbili. Ukiacha nusu inchi ya ziada kila ukingo, unazo inchi 6 zilizofichwa ndani ya gauni, zinazotosha kumvalisha msichana wa miaka 13. Vielelezo alivikata kwenye karatasi ya mfuko wa saruji, ngumu na ya kahawia, akaviandika namba na kuvitoboa juu ili vitundikwe kwenye msumari pamoja na vya miaka iliyopita.

Siku ya kununua alipanda taksi hadi Mbarara. Mji huo ulipandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2020, na maduka ya vitambaa yamejaa kila kinachohitajika, pamoja na vingi visivyohitajika. Satini aliikamata kwenye ngumi, akaihesabia kimoyomoyo, akaiachia na kutazama kama mikunjo inaondoka. Akauvuta ukingo kwa kucha kuona nyuzi zinavyotoka. Kisha akakipeleka kitambaa mlangoni, juani, kwa sababu taa ya duka huibadilisha zambarau. Rangi hiyo ilitoka kwenye kisa chenyewe: Mordekai, aliyemlea Esta, anatoka ikulu ya Shushani na mavazi ya rangi ya buluu na nyeupe, taji la dhahabu na joho la kitani la zambarau. Mwenye duka alishauri mita 3. Fundi alichukua 2. Hesabu yake ilikuwa tayari daftarini: kitambaa cha upana wa inchi 60, vipande viwili vya sketi vya inchi 45 kwa 37, na ule ukanda wa inchi 15 unaobaki pembeni unatoa kifua chote na mikono. Akaongeza neti ngumu, nyuzi, na utepe wa dhahabu wenye upana wa inchi moja na robo. Utepe mwembamba ulikuwa rahisi zaidi, akaukataa. Sababu yake niliielewa baadaye.

Satini huteleza, na anayeikata kwa haraka hupata vipande viwili visivyolingana. Alitandika blanketi juu ya mkeka, akailaza satini upande wa ndani ukitazama juu, akaibana kwa pini kwenye akiba ya mshono peke yake, maana pini huacha tundu ambalo kitambaa hiki hakilisamehe. Vipande vyote vya kifua vilitazama upande mmoja. Kimoja kikigeuzwa, mwanga unakipiga tofauti na rangi inaonekana kama ya kitambaa kingine. Mkasi wake ni mzito, umenolewa mara nyingi hata ncha zimekuwa fupi. Makali ya chini hayainuki kutoka kwenye blanketi. Anafungua, anasukuma, anafunga bila kufika mwisho, anasukuma tena, na mstari unatoka bila kidato. Kila ukingo uliokatwa aliupitisha juu ya mshumaa, kwa umbali ambao mkono wake unaujua, mpaka nyuzi zikashikana bila kuungua.

Cherehani ni Butterfly nyeusi ya kukanyaga. Alitoa sindano namba 14 anayoshonea vitenge, akaweka namba 11, nyembamba. Akalegeza uzi wa juu kidogo, akajaribu kwenye kipande cha ziada, akakigeuza kuona kama mshono wa chini unafanana na wa juu, akalegeza tena. Vipande alivipiga bandi kwa mkono kwanza, vyote, ingawa angeweza kuvipeleka mashineni moja kwa moja. Halafu miguu ikaanza. Kisigino na vidole vinapokezana, mkanda wa ngozi unazungusha gurudumu, na mkono wa kulia unaligusa gurudumu hilo tu anapotaka kusimama juu ya tundu fulani, si moja kabla wala moja baada. Kushoto, vidole viwili vinaongoza kitambaa bila kukivuta.

Hapo ndipo utepe mpana ulipojieleza. Satini ikifumuliwa, matundu ya mshono wa zamani hubaki yanaonekana. Siku gauni litakapopanuliwa, kila mshono utaacha mistari miwili ya makovu, nusu inchi huku na nusu inchi huku, jumla inchi moja. Utepe wa inchi moja na robo uliolazwa juu ya mishono minne, miwili mbele na miwili mgongoni, utaifunika yote. Mishono ya ubavuni imefichwa na mikono. Utepe huohuo alipanga kuupitisha juu ya mikunjo ya akiba kwenye sketi. Anayelitazama gauni ataona dhahabu inayoshuka kwenye zambarau, jambo la kifalme kabisa. Fundi alikuwa ameshayaziba makovu ambayo bado hayajatokea.

Mgongoni hakuweka zipu. Zipu ina kipimo kimoja. Aliweka vitanzi 14, 7 kila upande, na kamba ya kupitisha katikati yao, na nyuma yake kipande cha kitambaa ili ngozi isionekane. Vitanzi vilikatwa kutoka kwenye ukanda wa satini uliobaki, kwa mshazari ili viwe na mnyumbuko, vikashonwa kama mrija mwembamba, na mrija huo ukageuzwa nje kuwa ndani. Kazi ya kugeuza ndiyo niliyoitazama muda mrefu kuliko zote. Unafunga uzi kwenye ncha moja, unautumbukiza mrijani ukiwa kwenye sindano, tundu la sindano likitangulia lisichome kitambaa, unausukuma kwa kukadiria mpaka utokee upande wa pili, kisha unavuta. Ncha ya kwanza inakataa. Fundi hakulazimisha. Aliilowesha kwa mate, akaipapasa kati ya kidole gumba na cha shahada, akavuta kwa mwendo mdogo usioonekana, na baada ya kitambo ncha ilizama ndani na mrija wote ukaifuata. Alifanya hivyo mrija baada ya mrija, kwa mwendo uleule, huku akimjibu jirani aliyekuja kuulizia bei ya sare ya shule.

Sketi aliigawa kwa chaki sehemu 8, na kiuno nacho sehemu 8, akapitisha mistari miwili ya mshono mrefu na kuvuta nyuzi za chini. Kitambaa zaidi ya mara tatu ya kiuno kilitakiwa kuingia humo. Marinda aliyasambaza kwa ncha ya sindano, moja moja, asije akalundika mbele na kupwaya nyuma. Chini yake likaja gaguro la neti, lililoshonewa kwenye shuka kuukuu la pamba, kwa sababu neti huchoma miguu na mtoto anayejikuna hawezi kuwa malkia.

Pasi ni ya mkaa. Aliipeperusha nje mpaka majivu yakaisha, akaijaribu kwenye kitambaa kibovu, akaipitisha kwenye satini kwa upande wa ndani, kipande cha kitenge kikiwa katikati. Taji lilikuwa jambo dogo: katoni, gundi ya unga wa muhogo, mabaki ya utepe, na lastiki nyuma.

Binti alipovishwa, fundi alikaza kamba mpaka kifua kikakaa, akahesabu nafasi iliyobaki kati ya vitanzi, akaiandika. Kisha akamwamuru afanye kila kitu: anyanyue mikono, atembee, apige magoti, aguse ncha ya fimbo ya mfalme, ambayo siku hiyo ilikuwa ufagio, ainuke. Pindo lilibaki juu ya vidole. Wayahudi hukisoma kisa cha Esta kila mwaka katika sikukuu ya Purimu, na watoto wao huvaa mavazi ya kuigiza siku hiyo. Kwa hiyo kumshonea Esta gauni ni kazi yenye wenzake wengi duniani. Lakini sidhani kama ni wengi wanaoshona na ukurasa wa pili wa daftari ukiwa tayari umefunguliwa. Fundi alikuwa amemwita dada mdogo wa mmoja wa waimbaji wa kanisa, msichana wa miaka 12 aliyekuja kutazama, na tepu ilikuwa kifuani mwake. "Ishirini na tisa," alisema, akaandika, na pembeni akaweka alama kwenye mishono itakayofumuliwa: ya ubavu kwanza, ya mbele baadaye, mkunjo wa chini usiguswe mpaka lazima.